Kwinini ni neno la nani?

Haya ni maneno niliyoongea mbele ya wanafunzi wa famasia na wenzao wa isimu. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema, marudio tu ndo nimepunguza.

Asanteni, asanteni sana. Mlio mlangoni sogeeni jamani, huku mbele viti vipo.

Nianze na kauli moja tunayoisema wote, kwamba majina ya dawa ni majina ya Kizungu. Mgonjwa anasema hivyo, muuguzi anasema hivyo, hata nyie wa famasia mkikaa usiku kukariri mnalalamika hivyo hivyo, Kizungu hiki kigumu. Ugumu nakubali. Lakini hiyo ya Kizungu naipinga, kwa sababu ukichukua dawa za malaria, ukachukua na ganzi ya daktari wa meno, ukaanza kufukua jina moja moja, chini kabisa unakuta Kikechua, lugha ya watu wa milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, lugha ya dola la Wainka ambayo mpaka leo ina mamilioni ya wasemaji Peru, Bolivia na Ekuador. Watu hao hakuna aliyewauliza kitu. Ila maneno yao yamekaa kwenye kila famasi duniani na mimi naona ni haki yao hilo lijulikane, ndo kilichonileta hapa.

Basi tuanze na kwinini, na hapa nitakaa sana.

Hii dawa inatoka kwenye gome la miti inayoota kwenye miteremko ya Andes, gome chungu ajabu. Ulaya ilianza kulijua kwenye miaka ya 1630 na kitu. Mtawa mmoja aliyeishi Peru, Antonio de la Calancha, kwenye kitabu kilichochapwa 1638 aliandika kwamba upande wa Loja, ambako leo ni Ekuador, kuna mti watu wanauita mti wa homa, gome lake lina rangi ya mdalasini na likisagwa likanywewa linaponya homa. Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, ndo waliolisambaza mpaka Roma, kwa hiyo Ulaya likajulikana kama poda ya Wajesuiti, na kwa sababu ya jina hilo tu wapo Waprotestanti waliolikataa. Yani mtu homa inamtetemesha, dawa ipo mezani, anaikataa kwa ajili ya jina. Kwa hiyo mnaponiona nahangaika na majina msidhani ni mambo ya kupoteza muda, jina la dawa limeshawahi kumzuia mtu asipone.

Sasa huo mti una majina mawili yaliyodumu, na yote mawili yana kasoro. Nayaeleza moja moja.

La kwanza ni lile la kisayansi, Cinchona. Hadithi yake ilichapishwa na daktari mmoja wa Genoa, Sebastiano Bado, mwaka 1663. Alisema mke wa gavana mkuu wa Kihispania kule Peru, bwana mwenye cheo cha Count wa Chinchón, aliugua homa pale Lima, akapewa gome, akapona, akaanza kuwagawia watu wa mji, kisha akarudi nalo Hispania. Hadithi tamu, ina mama mkubwa, ina huruma, ina muujiza, na Ulaya ikaimeza nzima nzima. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyekuwa anaipa mimea yote majina, mwaka 1742 akaupa mti jina la yule mama, na akaliandika vibaya, herufi h ya kwanza ikadondoka, Chinchón ikawa Cinchona. Mwingereza Clements Markham, ambaye alihusika kuihamisha miche ya mti huu kutoka Andes kwenda India, alikuja kupigania mwaka 1874 kwamba h irudishwe, tuandike Chinchona. Hakufanikiwa. Kwenye majina ya mimea cha kwanza kuchapwa kina nguvu hata kama kina kosa, na hilo nyie mtakutana nalo sana.

Lakini kosa la h ni dogo. Mwaka 1941 mtafiti aitwaye Haggis alikaa chini akazipitia kumbukumbu za Lima za enzi za huyo gavana, kumbukumbu za karibu kila siku, nani kaugua, nani katolewa damu, nani kapona. Mke wa kwanza wa huyo bwana, Ana de Osorio, ambaye ndiye alikuwa anatajwa kwenye hadithi, alishafariki Hispania kabla mume hajapewa ugavana wa Peru. Hakuwahi kukanyaga Lima. Mke wa pili ndo alienda, na kumbukumbu hazisemi popote kwamba aliugua homa akaponywa na gome, na kurudi Hispania hakurudi pia, alifia njiani huko Cartagena mwaka 1641. Kwa hiyo hilo jina la heshima, lililopo kwenye vitabu vyote vya botania, limejengwa juu ya tukio ambalo kumbukumbu za mji wenyewe hazilijui. Mti wa watu wa Andes, umepewa jina la mji wa karibu na Madrid kupitia mama ambaye hakuna ushahidi kwamba alilionja hilo gome, na herufi imekosewa juu yake.

Jina la pili ndo letu la leo. Kikechua kina neno kina, ambalo kwa kawaida linaelezwa kuwa ni gome, na likirudiwa, kina-kina, linachukuliwa kama gome lenyewe hasa, gome la magome. Sisi wa Kiswahili kurudia neno hatuhitaji kufundishwa, tunaposema polepole au sawasawa tunajua nini kimeongezeka. Wahispania wakaliandika quina-quina, Wafaransa wakalibana likawa quinquina.

Kasoro yake iko hapa. Mfaransa Charles-Marie de La Condamine alipita Loja mwaka 1737 akiwa kwenye ule msafara wa kupima umbo la dunia, akautazama mti wa homa, akauchora, akaandika ripoti iliyochapwa Paris. Na kwenye ripoti hiyo akaeleza kwamba kina-kina ya asili ulikuwa mti mwingine, mti wa zeri, ule ambao utomvu wake unanukia vizuri, na gome lake nalo lilikuwa linatumika kwa homa na lilikuwa linapelekwa Roma. Mti wa homa wa Loja pale kwao Wahispania walikuwa wanauita cascarilla, yani kigome. Ulipofika sokoni Ulaya na kuonekana una nguvu zaidi, ukarithi jina la mwenzake. Biashara ya magome ilikuwa na uchakachuaji mwingi, gome la mti huu linachanganywa na la mti ule, na kwenye huo mchanganyiko jina likahama. Kwa hiyo kwinini, neno ambalo kila mtu wa malaria analijua, kwa asili ni jina la mti ambao hauna kwinini ndani yake kabisa.

Mnaona ninavyosema kasoro? Ila zipime hizo kasoro mbili. Ile ya Cinchona ilitungiwa mezani Ulaya ili kumpamba mkubwa. Hii ya kina-kina imetokea njiani, jinsi maneno yanavyohama siku zote kwa wafanyabiashara na waganga, na pamoja na kuhama kwake bado ni neno la wenye milima. Mimi nikipewa nichague nachukua hii bila kusita.

Na kemia ikachagua hii pia. Mwaka 1820 pale Paris wanakemia wawili wafamasia, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph-Bienaimé Caventou, wakafanikiwa kutoa kiini chenyewe kutoka kwenye gome. Nyie wa famasia hawa ni watu wenu, walikuwa wafamasia kama mtakavyokuwa nyie, na ndo hao hao waliolitunga neno klorofili. Kwenye gome wakapata vitu viwili vinavyofanana. Kimoja wakakiita sinkonini, kutoka kwenye jina la mama wa Chinchón, jina ambalo Mreno Bernardino Gomes alikuwa keshalianzisha miaka michache nyuma. Kingine wakakiita kwinini, kutoka quinquina. Yani yale majina mawili yaliyokuwa yanagombania mti mmoja yakapewa molekyuli mbili, kila moja na yake. Na iliyokuja kuwa dawa ya dunia nzima ni kwinini. Sinkonini leo ukiitaja nje ya maabara hakuna anayekuelewa.

Kuhusu huo mwisho wa -ini niseme kidogo tu, maana wa isimu mtauliza. Mfamasia wa Kijerumani Sertürner alipotoa kiini cha afyuni alikiita morphium, kutoka kwa Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Gay-Lussac wa Ufaransa akapendekeza vitu vya aina hii viishie na -ine, ikawa morphine, na baada ya hapo ndo mfululizo wenyewe, kwinini, kafeini, nikotini, striknini. Jumla yake zinaitwa alkaloidi, neno lililoundwa mwaka 1819 juu ya alkali, na alkali ni Kiarabu, al-qali, majivu ya mmea wa chumvi. Kwa hiyo mnaposema kwinini ni alkaloidi mmeongea Kikechua na Kiarabu kwenye sentensi moja, vipande vya Ulaya humo ni vile viambishi vya mwisho.

Twende Ujerumani sasa maana huko neno lilipata sura nyingine kabisa. Wajerumani hawakuandika quina, waliandika China, kama Waitaliano. Ndo hivyo, gome la homa kwa Kijerumani linaandikwa sawasawa na jina la nchi ya Uchina, na halina uhusiano wowote na Uchina. Samuel Hahnemann, yule aliyeanzisha homiopathia, aina ya tiba mbadala, mwaka 1790 alijijaribia hilo gome yeye mwenyewe, na mpaka leo kwenye homiopathia dawa hiyo inaitwa China, watu wanadhani imetoka Beijing kumbe imetoka Andes. Kwinini kwao ni Chinin. Warusi nao wakawa na sura hiyo hiyo, wao wanasema khinin. Likumbukeni hili umbo la chin, linarudi sasa hivi.

Mwaka 1834 Mjerumani Runge alitoa kimiminika fulani kwenye lami ya makaa ya mawe, akakipa jina alilolitaka yeye. Mwaka 1842 Gerhardt akachukua sinkonini na kwinini akazipika na potashi kali akapata kitu, ikaja kuonekana ni kile kile cha Runge. Jina la Gerhardt ndo likashinda: kwinolini. Mwisho wa -ol- humo ni mafuta kwa Kilatini, oleum, kwa hiyo kwinolini ni mafuta ya kwinini ukitaka kulisoma kwa harakaharaka. Na hapa ndo neno la Andes linapoacha mti. Kwinolini ni pete mbili za kemikali zilizoungana, unaweza kuipata kwenye makaa ya mawe bila kukata gome la mti wowote, na bado inabeba jina la gome. Kuanzia hapo kila mwanakemia atakayejenga dawa juu ya pete hizo atalivuta neno kina bila hata kujua.

Mwaka 1934 kwenye maabara za Bayer, Hans Andersag akatengeneza moja ya dawa hizo, wakaiita Resochin. Lile umbo la chin hilo hapo mwishoni, limekaa kama lilivyo. Wakaiona ina sumu sana wakaiweka pembeni kama miaka kumi. Wakati wa vita kuu ya pili Wamarekani wakaifanyia kazi upya, wakaipa jina la kwao, klorokwini. Kloro ni klorini, Kigiriki cha kijani-njano, kwini ni ile ile kina. Dawa moja, majina mawili, Resochin na klorokwini, moja limepitia Kijerumani lingine limepitia Kifaransa na Kiingereza, na yote yanamalizikia na neno moja la Kikechua.

Baada ya klorokwini milango ikafunguka. Primakwini. Amodiakwini. Meflokwini iliyouzwa kama Lariam. Tafenokwini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Na piperakwini, ambayo hiyo lazima niisimamie kidogo kwa sababu inanifurahisha kweli kweli. Piper ya mwanzo imetoka kwenye piperazini, piperazini imeitwa kwa mfano wa piperidini, piperidini ilipatikana kwenye piperini, na piperini ni kile kiini cha ukali cha pilipili manga, Kilatini piper. Hiyo piper asili yake ni Sanskriti, pippali, na pilipili yetu imetoka huko huko kwa kupitia Waajemi na Waarabu. Kwa hiyo mtu akimeza piperakwini kameza pilipili ya Bahari ya Hindi na gome la Andes kwenye jina moja. Hapo bado mtaniambia ni Kizungu?

Sasa hii yote ingeweza kuwa bahati tu ya wanakemia, lakini iligeuka kuwa utaratibu. Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio mwaka 1950 la kuweka majina ya kimataifa ya dawa, mfumo ukaanza kufanya kazi 1953. Lengo ni kwamba dawa moja iwe na jina moja ambalo si mali ya kampuni yoyote, daktari aandike nchi hii mfamasia wa nchi nyingine aelewe. Na kwenye mfumo huo kuna mashina, vipande vya jina vinavyokuambia ukoo wa dawa. Ukiona -cillin ni ndugu wa penisilini. Ukiona -olol ni wale wanaotuliza moyo. Ukiona -pril, -sartan, -vir, kila moja ina ukoo wake. Na kwenye orodha hiyo rasmi lipo shina -quine, likimaanisha dawa iliyojengwa juu ya kwinolini. Yani lile neno la wachuma magome limekuwa kanuni, leo kampuni ikija na dawa mpya ya ukoo huo inatarajiwa kulitumia.

Wa famasia nisikilizeni vizuri hapa. Shina linakuambia ukoo, halikuambii matumizi wala usalama. Haidroksiklorokwini wengi wanaitumia kwa lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na baridi yabisi, sio malaria. Primakwini na tafenokwini zinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu aliyepungukiwa na kimeng'enya cha G6PD, mgonjwa anapimwa kwanza, wakati klorokwini kwenye hilo haina hatari ya kiwango hicho. Zote zinaishia na -quine. Jina linakufungulia mlango ujue uko nyumba ya nani, ndani ukaulize mwenyewe.

Kuna kanuni za herufi pia, hizi wa isimu mtazipenda. Mfumo huo unataka majina yaandikike na kutamkika kwenye lugha nyingi, kwa hiyo wanasema tumia f badala ya ph, t badala ya th, i badala ya y, na h na k ziepukwe kadiri inavyowezekana. Ndo maana amoxycillin ya Waingereza wa zamani ikawa amoxicillin, cephalexin ikawa cefalexin. Kiswahili chetu chenye k nyingi hivi, kwinini yetu kwa tahajia yake isingepita. Majina yanatolewa kwa Kilatini, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kirusi, Kiarabu na Kichina. Kikechua hakimo, na nguzo kadhaa za mfumo zimechongwa kwenye mti wake. Hilo linanichoma, nasema wazi.

Nimesema kwinini imeingia kwenye pete za kwinolini. Lakini kuna mlango wa pili ambao watu wengi hawaujui hata wataalamu. Kwenye gome lile lile kulikuwa na tindikali, ikaitwa tindikali ya kwini, ambayo ipo hata kwenye kahawa. Mwaka 1838 Mrusi Woskresensky aliiunguza kwa kemikali akapata fuwele za njano, na hizo zikaja kuitwa kwinoni. Kwinoni na kwinini kikemia hazifanani, wala hazifanyi kazi sawa, zimekutana kwenye gome tu. Kutoka kwinoni imekuja haidrokwinoni, ile ya kwenye krimu za kung'arisha ngozi ambayo nchi nyingi zimeibana kwa madhara yake. Imekuja ubikwinoni, kwinoni iliyopo kila mahali mwilini, na hiyo kwa kifupi ndo koenzaimu Q10. Q ya Q10 ni ya kwinoni. Watu wananunua makopo ya Q10 wakidhani Q ni mapambo ya kisayansi, kumbe ni herufi ya kwanza ya neno la Andes vile Mhispania alivyolisikia akaliandika.

Na upande wa kwinolini matawi hayajaisha. Mwaka 1962 ilitangazwa tindikali ya nalidiksiki, iliyotokana na masalia ya utengenezaji wa klorokwini, na hiyo ndo ikazaa antibayotiki za kwinoloni, siprofloksasini na levofloksasini mnazozijua. Bedakwilini ya kifua kikuu sugu, nayo ina kwinolini ndani, na jina linasema.

Maneno mengine mawili ya Kikechua nayapitia haraka kwa sababu muda.

La kwanza ni kuka, yani koka, ule mmea ambao watu wa Andes wanatafuna majani yake. Albert Niemann pale Göttingen alitoa kiini chake kwenye 1859 kuelekea 1860 akakiita Kokain, kokeini. Mwaka 1884 Karl Koller wa Vienna akaonyesha kwamba tone lake kwenye jicho linaleta ganzi, daktari anaweza kupasua jicho mtu yuko macho, na upasuaji ukabadilika moja kwa moja. Halafu shida ya uraibu ikaonekana, wanakemia wakaanza kutafuta mbadala, na mbadala nyingi zikapewa mkia wa -caine ili madaktari waelewe kazi yake. Alfred Einhorn akaleta prokeini, wakaiuza kama Novocain, yani kokeini mpya. Löfgren wa Uswidi akaleta lidokeini kwenye miaka ya 1940. Bupivakeini ya upasuaji wa uzazi iko humo humo. Shina -caine leo ni rasmi, ganzi ya mahali pamoja. Lidokeini haitokani na koka hata chembe, haileweshi, ila nusu ya jina lake ni mmea wa Andes uliokatwa kichwa, ko- imebaki nyuma -keini imeendelea na safari. Hapa nawaomba mtofautishe: kwenye kwinini neno lilibaki na mzizi wake, kwenye lidokeini kilichobaki ni mkia tu, na sehemu ya mkia huo ni kiambishi kile kile cha Gay-Lussac. Kinachoiunganisha na Kikechua ni ile k moja katikati. Ni kidogo, lakini kipo.

La pili ni wanu, mbolea ya mavi ya ndege inayorundikana kwenye visiwa vya pwani ya Peru, Wahispania wakaandika guano. Kwenye miaka ya 1840 Mjerumani Unger alitoa humo kitu wakakiita gwanini. Ndiyo, ile ile gwanini, herufi G kwenye A, C, G na T za DNA yenu. Strecker mwaka 1861 akaivunja gwanini akapata gwanidini, na kutoka gwanidini zikaja bigwanidi, ukoo wa metformini ya kisukari, na ukoo wa progwanili, dawa ya malaria iliyotoka Uingereza mwaka 1945.

Sasa chukueni kidonge kinachoitwa Malarone, wasafiri wengi wanakitumia kujikinga na malaria. Ndani yake dawa ni mbili, atovakwoni na progwanili. Atovakwoni ni kwinoni, imetoka gome la kina kwa ule mlango wa tindikali. Progwanili ni bigwanidi, imetoka wanu. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa na gome, wala iliyotengenezwa na mbolea, zote ni kazi ya maabara za karne ya 20 na watengenezaji hawakuwa wanafikiria Andes hata kidogo. Lakini majina yote mawili yameshuka milima ile ile, kwa njia ambazo hazikukutana popote mpaka zilipokutana ndani ya kidonge. Jina la biashara kwa nje, Malarone, linaanza na mal'aria ya Waitaliano, hewa mbaya, ambayo ilikuwa nadharia isiyo sahihi ya ugonjwa.

Kazi ninayowaachia wa famasia na wa isimu mfanye pamoja ni hii: mfungue kitabu chenu cha dawa muhimu, mkate kila jina mashina yake, muandike pembeni lugha ya kila kipande. Kilatini na Kigiriki mtakuta vingi, Kiarabu mtakuta, na hizi tatu za Kikechua sasa mnazijua. Mkikuta ya lugha nyingine nileteeni, nitashukuru sana.

Maswali sasa, tuanze na waliokaa nyuma.